Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Lake Lure

Anayepanga kuzuru Lake Lure, magharibi mwa North Carolina nchini Marekani, hana budi kwanza kuweka kando yote aliyoyajua kuhusu mahali hapo kabla ya Septemba 2024. Ziwa hilo ni la kutengenezwa: ukuta ulijengwa katika miaka ya 1920 kuuzuia mto Rocky Broad. Tarehe 27 Septemba 2024, mvua za kimbunga Helene ziliufurisha mto huo, ukabomoa sehemu kubwa ya kijiji cha Chimney Rock kilicho upande wa juu, na miti, gati na vipande vya majengo vikasombwa hadi ziwani. Maji yaliupita ukuta, wakazi wa bondeni wakatakiwa kuhama upesi, ila ukuta haukuvunjika.

Kwa hiyo swali la kuanzia ni hali ya maji, wala si hali ya hewa. Baada ya kimbunga, maji yalipunguzwa kwa makusudi ili vifusi na tope viondolewe, na kazi ya namna hiyo huenda kwa awamu. Soma tangazo la uongozi wa mji siku ileile ya safari, ujue kama ziwa limejaa, kama kuogelea kunaruhusiwa na kama mashua za wageni zinapokewa. Kwa maoni yangu, aliye hatarini zaidi ni mwenyeji wa zamani kuliko mgeni, maana mgeni huuliza, ilhali mwenyeji hujitupa kichwa mbele pale alipozoea kukuta kina kirefu, asijue kwamba mafuriko yamejaza mchanga au kuacha gogo limelala chini ya maji. Endesha mashua polepole, na kila mtu avae jaketi la kuokolea.

Ulizia pia vipimo vya usafi wa maji kabla ya watoto kuingia, kwa sababu mabomba ya majitaka ya mji huo yalilazwa chini ya ziwa tangu mwanzo, jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Mwenye kidonda asiingie. Ufukweni vaa viatu vya soli nene, kwani misumari na vioo hufukiwa na tope, na ni vyema kuhakikisha kwamba chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Kuhusu barabara, usiiamini programu ya ramani peke yake. Barabara kuu ya Interstate 40 ilimomonyolewa na mto Pigeon karibu na mpaka wa Tennessee, ikafunguliwa tena tarehe 1 Machi 2025 kwa njia moja tu kila upande. Jaza mafuta mapema.

Hifadhi ya Chimney Rock ilifunguliwa tena tarehe 27 Juni 2025, lakini thibitisha ni njia zipi za miguu zinazopitika. Usiwashe moto ovyo: mwezi Machi 2025, miti iliyoangushwa na Helene ilichochea moto mkubwa wa msituni katika kaunti jirani za Polk na Henderson.

Mwisho, kamera. Zaidi ya watu 100 walifariki North Carolina kutokana na kimbunga hicho, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kupiga picha nyumba iliyobomoka, kwani huenda mwenyewe ndiye anayezoa vifusi mbele yako.