Uko kwenye antibayotiki na bado unaumwa: dawa ya maumivu unaimezaje?

Swali naloulizwaga sana ni hili, "natumia amoxicillin, naruhusiwa kumeza panadol?" Ndio, meza. Paracetamol haigombani na antibayotiki nyingi tu, wala huna haja ya kupishanisha masaa, zinaweza kushuka kwa glasi moja ya maji. Tena antibayotiki yenyewe sio ya kutuliza maumivu, kazi yake ni bakteria, kwa hiyo usishangae siku ya kwanza jino bado linapiga vilevile.

Shida iko kwenye kuhesabu. Mi nilishaumwa jino, nameza paracetamol mbilimbili, afu mafua nayo yakanishika siku hiyohiyo nikawa naongezea na kidonge cha mafua. Saa sita usiku nimeshika mbili nyingine mkononi, sijui nini kikanituma nikageuza lile boksi la mafua nikasoma nyuma kwa tochi ya simu, kumbe kila kidonge kina paracetamol miligramu 500! Kuhesabu, paracetamol sita na za mafua mbili, tayari nane. Na mtu mzima mwisho wake ndo hapo, gramu 4 kwa masaa 24, yaani vidonge 8 vya 500, kimoja au viwili kwa wakati na katikati yapite masaa 4 mpaka 6. Kama una kilo chini ya 50, unakunywa pombe sana au ini lina shida basi kiwango chako ni cha chini zaidi, muulize mfamasia. Ukizidisha ini linaweza kuwa linaharibika na siku ya kwanza we unajiona mzima kabisa.

Kwa hiyo kabla hujameza geuza boksi, achana na jina kubwa la mbele, soma yale maandishi madogo ya kilichomo (acetaminophen ni paracetamol ileile). Afu chukua kalamu andika saa uliyomeza palepale kwenye boksi, maana mgonjwa hakumbuki kitu.

Ibuprofen sasa, dawa nyingine ya maumivu, hii ndo ya kuwa nayo makini. Na amoxicillin haina neno, ila kama umepewa antibayotiki za ciprofloxacin au levofloxacin zikikutana nayo zinaweza kuongeza uwezekano wa degedege, hasa kwa mwenye kifafa. Ukiwa unachomwa gentamicin au unatumia Septrin, nazo antibayotiki, ukiongeza ibuprofen figo ndo zinabeba mzigo. Mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu inayoamshwa na dawa hizi, au mjamzito, asijipe mwenyewe. Wengine meza ukiwa umekula, na usichanganye na diclofenac wala aspirin, ni ukoo mmoja hizo. Mtoto chini ya miaka 16 aspirin usimpe.

Kuna mtego mwingine watu hawaujui: ibuprofen imekuchoma tumbo, unakimbilia dawa ya kiungulia, ile ya maji meupe, nayo inaikamata ciprofloxacin au doxycycline tumboni haiingii kwenye damu vizuri. Tanguliza antibayotiki, afu subiri masaa 2 au zaidi.

Walio kwenye dawa za TB wasimeze hata paracetamol kwa siku mfululizo bila kumwambia daktari, ini lao lina kazi tayari.

Halafu homa. Dawa ya maumivu inaishusha, sawa, ila kama siku ya tatu ya antibayotiki kila kidonge kikiisha nguvu homa inarudi, rudi kwa daktari. Ukivimba midomo au pumzi ikabana usisubiri hata saa moja, nenda hospitali sasa hivi.

Maumivu yakikata acha dawa ya maumivu hata kama boksi halijaisha, antibayotiki ndo unaendelea nayo kwa siku ulizoandikiwa.