Ukifunga oili kula (kipoza oili ya injini) kwenye boda, usisahau kupima oili upya

Wakuu mnaofunga zile oili kula za kuongezea kwenye pikipiki, kumbuka kula yenyewe na mipira yake inakunywa oili, kwa hiyo ukimwaga kipimo kilekile cha siku zote kwenye injini inabaki pungufu, na hapo ndo unaiua kabisa. Ukishafunga washa injini iungurume silensa (bila kuvuta mafuta) dakika mbili tatu, zima, subiri oili ishuke, pima na kijiti halafu ongezea, tena papohapo kagua kama inavuja kwenye maungio. Zile washa (pete bapa) za shaba za kwenye bolti weka mpya, na usikaze bolti kwa hasira maana injini ni aluminiamu, uzi ukishaliwa ni hasara. Kula ikae mbele inapopigwa na upepo, mipira isiguse ekzosi wala isibanwe ukikata kona.

Ila kama uko Makete au Njombe kwenye baridi ile, mi naona huihitaji, oili isipopata moto vizuri unyevu haukauki, unafungua kifuniko unakuta imekuwa kama chai ya maziwa. Kama ushafunga, ikingie kipande cha bati asubuhi.