Somo: Kupanga begi la kwenda Lapland ukitokea Mbeya

Tangu nirudi nimeulizwa jambo hili mara nyingi, na kila mara nimejibu vipande vipande kwa simu. Leo naliweka lote mahali pamoja. Nilikaa misimu miwili ya baridi Rovaniemi, mji wa jimbo la Lapland, kaskazini mwa Ufini, kwa ajili ya masomo. Mji huo uko jirani kabisa na mstari wa Aktiki, nyuzi 66 na nusu kaskazini mwa ikweta.

Kabla hujagusa begi, elewa kitu kimoja. Sisi watu wa nyanda za juu baridi tunaijua, lakini tunaijua ya kwetu. Kipupwe cha Juni na Julai kinakukuta jikoni, kinakukuta kitandani, unakunywa chai umevaa sweta na kofia kwa sababu nyumba zetu hazina moto wa kuzipasha. Kule nyumba ina joto mchana na usiku, wala huhitaji sweta ndani. Baridi inaanzia mlangoni. Unatoka unakutana na nyuzi 20 chini ya sifuri, unaingia dukani na ndani ya dakika mbili unatokwa jasho. Kwa hiyo usitegemee nguo moja nzito kama gunia. Chukua nguo nyepesi kadhaa za kuvaliana, zinazovulika haraka, na uhakikishe mwili wako unabaki mkavu. Jasho likishalowa ndani ya nguo, koti hata liwe nene vipi halitakusaidia ukitoka nje.

Wastani wa Januari pale mjini ni kama nyuzi 11 chini ya sifuri, ila siku za nyuzi 30 chini ya sifuri zipo. Rekodi ya Ufini nzima iliwekwa Januari 28, 1999 katika kijiji cha Pokka, huko huko Lapland: nyuzi 51.5 chini ya sifuri. Huendi kupambana na hiyo, lakini ujue unaelekea upande gani.

HATUA YA KWANZA: Nguo inayogusa ngozi

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanabeba fulana nyingi za pamba kwa sababu ni laini. Pamba inakunywa jasho na kukaa nalo. Tafuta fulana ya mikono mirefu na taiti ndefu za sufu au za polista, jozi mbili zinatosha, moja mwilini na moja kwenye kamba. Zibane mwili kidogo bila kukunyonga.

Sufu halisi ipo kwenye mitumba ya soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, tena kwa bei nzuri, ila uitafute kwa akili. Soma lebo ya ndani. Mitumba mingi imetoka Ulaya, hivyo lebo haina Kiingereza kila mara. Wolle ni sufu kwa Kijerumani, laine kwa Kifaransa, lana kwa Kiitaliano, ull kwa Kiswidi, villa kwa Kifini. Na hapa kuna mtego: Baumwolle ya Kijerumani ni pamba, na puuvilla ya Kifini nayo ni pamba. Nimeona mtu amenunua sweta tatu kwa furaha kwa sababu ameona neno "wolle" mwishoni.

Lebo ikiwa imekatwa, omba muuzaji akuruhusu kuchomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani. Usogeze kwenye moto wa kiberiti. Sufu inasinyaa polepole, inatoa harufu ya nywele zilizoungua, na ukiifikicha inakuwa majivu meusi. Polista inayeyuka na kubaki kijidonge kigumu. Pamba inawaka kama karatasi na inanuka karatasi. Jaribio hili ndilo limenisaidia kuliko ushauri wa muuzaji yeyote.

HATUA YA PILI: Sweta na koti

Juu ya fulana weka sweta moja ya sufu au jaketi jepesi lenye manyoya-manyoya. Juu yake koti. Koti liwe na kofia, lifike mapajani, lizuie upepo, na liwe na nafasi ya kumeza sweta bila kubana kwapani. La manyoya ya bata lina joto kubwa na ni jepesi, ila likilowa linalala chini kama mto uliokwisha. Kabla ya kulipia, vuta zipu juu na chini mara kumi ukiwa umevaa glavu. Zipu inayokwama Mbeya itakukwamisha kwenye kituo cha basi.

Suruali ya jinzi beba moja tu, ni ya ndani ya nyumba. Nje inakuwa kama bati.

HATUA YA TATU: Miguu

Kama pesa yako ni ndogo, nyingine zote bana, hapa usibane.

Shirika la ndege lililonipeleka liliacha begi langu njiani, na buti zangu zilikuwa humo. Nilifika Helsinki Januari nikiwa na raba za turubai. Treni ya usiku ya kwenda Rovaniemi haipiti uwanja wa ndege, unaipandia stesheni ya Tikkurila, basi nikasimama pale jukwaani kuisubiri. Mwanzo vidole vya miguu viliuma sana. Baadaye vikaacha kuuma, nikadhani nimezoea. Kumbe vidole vikinyamaza ndiyo hatari yenyewe, ujue damu imeacha kufika. Mama mmoja mtu mzima alikuwa ananitazama miguuni. Akafungua mkoba wake, akatoa soksi nene za sufu zilizofumwa kwa mkono, akanipa bila kusema neno ninaloweza kulielewa. Nikavua raba palepale nikazivaa. Mguu ukakataa kuingia kwenye kiatu. Kiatu changu kilikuwa saizi yangu kamili, hakina nafasi ya soksi. Nilipanda treni nimeshika raba mkononi, na soksi zile ninazo hadi leo.

Kwa hiyo buti ziwe kubwa kuliko saizi yako kwa namba moja. Ukishavaa soksi mbili, nyembamba ndani na nene ya sufu nje, vidole vyote vitano vicheze, na ukisukuma mguu mbele kidole cha shahada kipite nyuma ya kisigino. Nafasi hiyo ndiyo inayobeba hewa ya joto. Soli iwe ya mpira mnene wenye meno, na kitambaa cha ndani kiwe cha kutoka, ukikaushe kila usiku. Buti za mvua tunazovaa shambani usizitegemee, hazina kitu ndani na zinafuga jasho.

HATUA YA NNE: Kichwa na mikono

Mzula unaofunika masikio, skafu, na glavu za aina mbili: nyembamba za vidole vitano, na nene za juu zenye kidole gumba peke yake, ambamo vidole vinapashana joto. Hereni za chuma ziache nyumbani.

HATUA YA TANO: Vitu vidogo

Mafuta ya mgando ya midomo na uso, kwa sababu hewa ni kavu kupita kiasi. Plagi ya kubadilishia, kwani soketi zao ni za matundu mawili ya duara. Pawabanki isiyozidi wati-saa 100 (huandikwa Wh), na hiyo ikae begi la mkononi, kwenye begi la kukabidhi hairuhusiwi. Simu nje ikae mfuko wa ndani karibu na kifua, maana betri inazimika kwa baridi hata ikiwa na chaji nusu.

Reflekta pia. Sheria ya Ufini inamtaka mtembea kwa miguu aivae gizani, na giza la Desemba ni refu: jua linachungulia saa tano asubuhi, saa saba na nusu mchana limeshazama. Huhitaji koti zima kama la bodaboda, kipande cha kuning'iniza kinatosha.

Beba soksi nzima zisizotoboka. Watu wa kule wanavua viatu mlangoni.

HATUA YA SITA: Kupanga

Safari kutoka hapa hadi Dar, kisha ndege, ni ya joto kwanza na baridi baadaye. Buti zivae au zining'inize kwenye begi la mgongoni. Koti lishike mkononi. Fulana ya ndani, soksi za sufu, glavu na mzula viwe begi la mkononi, pamoja na dawa zako, pasipoti na karatasi ya bima. Bima ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, Ufini ikiwemo, inatakiwa kufikia angalau yuro 30,000. Begi kubwa likichelewa siku tatu, uwe na uwezo wa kutoka nje.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Kutoka Tukuyu: Dada, shukrani kwa somo. Mwanangu anataka nimpakie maparachichi, ndizi na maziwa ya mgando ampelekee mwenyeji wake. Yatapita?

Maziwa na nyama havipiti mpaka wa Umoja wa Ulaya, watavichukua na kuvitupa. Maparachichi yanadai cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo yaache. Ndizi, nanasi, nazi na tende vinaruhusiwa bila cheti. Samaki wakavu nao wanaruhusiwa hadi kilo 20. Mimi ningempa majani ya chai ya huko kwenu Rungwe, ni mepesi, hayaozi na mwenyeji atayafurahia.

Kutoka Makete: Sisi tumezaliwa na sakitu, Kitulo asubuhi majani meupe kabisa. Kweli tunahitaji vyote hivi?

Ndugu yangu, sakitu ya Kitulo jua la saa tatu linaiondoa. Kule mwezi mzima unaweza kupita hakijayeyuka kitu. Mazoea yako yatakusaidia moyoni, ila vidole havina mazoea. Vaa.

Kutoka Mbalizi: Nywele je? Nisuke au ninyoe?

Suka kabla ya kuondoka, mistari midogo inayoingia chini ya mzula. Shonea kitambaa laini ndani ya mzula, sufu inakata nywele. Ukiosha rasta, osha jioni ambayo hutoki tena. Nilitoka mara moja zikiwa na unyevu, zikagongana kama vijiti.

Kutoka Mafinga: Shikamoo dada. Nina hela ya kununua kitu kimoja tu kipya. Kipi?

Marahaba. Buti. Na kama una mtu wa kukupokea na buti za kuazima siku ya kwanza, zinunue kule kule, hata kwenye duka la vitu vilivyotumika, wanaliita kirpputori. Zitakuwa zimetengenezwa kwa ajili ya barabara zao. Pale uliza pia meno ya chuma ya kuvalisha kwenye soli, kwa siku za barafu tupu.

Kutoka Iringa: Kamwene. Binti yangu anaenda Juni, si msimu wa baridi. Naye abebe yote hayo?

Kamwene mama. Hapana, Juni ni habari nyingine. Sweta moja, koti la mvua na viatu vya kawaida vinatosha, kama mavazi ya kipupwe chenu hapo Iringa. Ila kuanzia mwanzo wa Juni hadi mwanzo wa Julai jua halizami kabisa, usiku wa manane kweupe. Mshonee kitambaa cheusi cha kufunika macho. Mbu nao wapo wengi mno msituni, hawana malaria lakini wanauma mpaka juu ya soksi, kwa hiyo mikono mirefu na dawa ya kujipaka visikosekane. Na aweke kandambili na taulo, kwa sababu atakaribishwa sauna, chumba cha joto kali cha kutoa jasho, kabla hajamaliza wiki.