Gesi ikinuka usiguse swichi ya taa

Jamani jana niliwapeleka watoto kwenye maonyesho ya usalama pale kiwanja cha skuli mtaani kwetu, nilijua tutaangalia gari la zimamoto turudi zetu, kumbe kuna mambo lazima nikwambieni, hasa nyinyi mloacha makaa mkahamia gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inatulia chini sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu yake usiku usiguse swichi, si kuwasha si kuzima, feni pia usiiguse, funga mtungi kama unafikika, fungua milango na madirisha, toka na watoto wako nje ndo uwapigie zimamoto 114.

Na kila ukibadilisha mtungi chukua maji ya sabuni yenye povu upake pale kwenye koki na mpira wote, ukiona vipovu vinafura basi inavuja. Mie nilijaribu jana hiyohiyo, vikatoka vidogo vidogo pale mpira unapoingia kwenye jiko, roho iliniruka maana bibi analala chumba cha pili. Mpira nshanunua mwengine. Msijaribu kwa kibiriti tafadhali!

Karai la bajia likishika moto usimwagie maji wallahi, mafuta yataruka na moto wake. Zima jiko, funika na kifuniko, liache hapohapo lipoe.

Tochi nayo iwe na pahala pake pamoja, waliokuwepo Unguja 2008 umeme ulipokatika karibu mwezi mzima wananielewa.