Kamera Kuukuu na Picha za Wanasesere: Ubadilishe au Ubaki Nayo?

Mwanasesere hapepesi macho, hachoki kukaa mkao mmoja, wala hageuzi shingo wakati unabonyeza. Kwa hiyo mengi yanayozifanya kamera mpya ziuzwe ghali hayamhusu: kupiga picha 20 kwa sekunde, kumfuata mtu anayekimbia, kuona gizani kwa ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kushika mwanga) ya 25,600. Kamera ya miaka 12 au 15 iliyopita ikikaa juu ya tripodi na kupewa mwanga wa maana, inatoa picha ambayo hakuna atakayeuliza imepigwa na nini. Ila kamera nazo huchakaa, na nyingine zilizaliwa na upungufu ambao mpiga picha wa wanasesere ataugonga kila siku. Kipya kinyemi, ndiyo, lakini kabla ya kufungua pochi hakikisha kosa liko kwenye kamera kweli.

Jaribio la kwanza

Usiihukumu kamera kwa picha ulizopiga jioni, umeishika mkononi, chini ya balbu ya sebuleni. Chagua mchana ambao jua halipigi moja kwa moja dirishani, kisha:

1. Sogeza meza karibu na dirisha, nusu mita hadi mita moja. Zima taa zote za ndani. Mwanga wa mchana una joto la rangi la karibu 5,500K, balbu ya manjano 2,700K hadi 3,000K. Vikichanganyika, shavu moja linakuwa la buluu na jingine la chungwa, na hakuna mpangilio wa kamera unaotibu yote mawili kwa pamoja.

2. Msimamishe mwanasesere ubavu mmoja ukielekea dirishani. Upande wa pili weka karatasi nyeupe ngumu ya A4, sentimita 15 hadi 20 kutoka usoni, irudishe mwanga kwenye kivuli.

3. Kamera ikae juu ya tripodi, lenzi sawa na macho ya mwanasesere. Kwa mwanasesere wa sentimita 29, hiyo ni kama sentimita 27 juu ya meza. Ukimpiga kutoka juu anaonekana kitu cha kuchezea. Ukishuka hadi machoni pake anakuwa mtu.

4. Weka ISO ya chini kabisa, 100 au 200, f/8 (f ni ukubwa wa tundu la lenzi: namba ikikua, tundu linabanwa), na taima ya sekunde 2 ili mtikisiko wa kidole uishe kabla shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) haijafunguka. Kama lenzi ina kitulizi cha mtikisiko, kizime.

5. Lenga jicho lililo karibu na kamera. Kama kamera inaonyesha picha moja kwa moja kwenye skrini, kuza mara 5 au 10 na ulenge kwa mkono kwenye mzizi wa kope. Usilenge nukta ya mwanga inayong'aa ndani ya jicho: jicho la kioo au akriliki ni kuba, na taswira ya dirisha inayoonekana humo kimahesabu iko nyuma ya uso wa jicho. Fokasi ikiishika hiyo, kope zinabaki na ukungu.

6. Piga picha 5 na uzifungue kwenye kompyuta kwa ukubwa wa asilimia 100.

Kamera ikikuchagulia shata ya nusu sekunde, usishtuke. Mwanga huohuo ungedai ISO 1600 kwa shata ya 1/30, na hapo ndipo kamera kuukuu huanza kutoa chengachenga kwenye vivuli na ngozi ya vinili kuonekana kama imemwagiwa mchanga. Kwa ISO 100 tatizo halipo. Kope zikihesabika moja moja na mipigo ya brashi ikionekana kwenye nyusi zilizochorwa, kamera haina hatia. Fedha uliyotenga ipeleke kwenye taa na tripodi.

Ukungu usio wa kamera

Lawama kubwa inayobebeshwa kamera kuukuu, yaani picha yenye ukungu, mara nyingi ni hesabu ya umbali tu. Chukua lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga) cha APS-C, yaani cha ukubwa wa kati, mwanasesere akiwa sentimita 60 mbele. Kwa f/1.8, eneo linaloonekana wazi lina kina cha karibu sentimita 1: jicho limeshikwa, ncha ya pua na nywele za pembeni zimepotea. Kwa f/8 kina hicho kinafika kama sentimita 4, na uso mzima unaingia. Unaweza kuendelea hadi f/11. Zaidi ya hapo, hasa f/22, mwanga unapinda kwenye kingo za tundu la lenzi na picha nzima inalainika. Wengi hufika hapo wakidhani lenzi imeharibika.

Hapa ndipo watu hununua kamera kubwa na kujirudisha nyuma. Kihisi kamili cha milimita 36 kwa 24, kwa picha yenye mpangilio uleule, kinakupa kina kidogo zaidi: penye f/8 ya APS-C utahitaji karibu f/13. Kamera ndogo ya mfukoni yenye kihisi kidogo inapata kina hicho bila jasho. Shida yake ni nyingine. Inakuruhusu kusogea hadi sentimita 3 au 5 lenzi ikiwa pana, na ukifanya hivyo pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Kumbuka kipimo: mwanasesere wa 1:6 (moja ya sita ya mtu) akipigwa kutoka sentimita 30 ni sawa na mtu mzima aliyepigwa kutoka mita 1.8. Rudi nyuma, vuta zumu, na uso unarudi kwenye umbo lake.

Kama lenzi inagoma kulenga ukisogea karibu, hilo nalo si uzee. Kila lenzi ina umbali wake wa chini. Lenzi nyingi za 18-55 zinazouzwa pamoja na kamera hulenga kuanzia kama sentimita 25 hadi 28, wakati za 50 f/1.8 kwa kawaida hutaka sentimita 35 au 45. Tiba ya bei ndogo ni kioo cha kukaribisha kinachofungwa mbele ya lenzi, chenye nguvu ya +2 au +4, au pete tupu za kukaa kati ya lenzi na kamera. Pete hazina kioo ndani, hivyo haziongezi kasoro za kioo cha ziada, ila nunua zenye viunganishi vya umeme. Bila hivyo huwezi kubadilisha f kwenye lenzi za kisasa.

Vipimo vya uchakavu

Shata. Toka nje mchana, lenga ukuta wa rangi moja, weka kila kitu kwa mkono kwa 1/1000, piga picha 10 mfululizo. Zote zinapaswa kufanana. Moja ikiwa nyeusi zaidi, au ikiwa na mkanda wa giza upande mmoja, shata inachoka. Usifanye jaribio hili chini ya taa za LED: nyingi huwaka na kuzima kwa kasi na huacha mikanda inayofanana kabisa na ya shata mbovu. DSLR (kamera za lenzi ya kubadilishwa zenye kioo cha ndani) za bei ya chini hukadiriwa kufikia mipigo kama 100,000. Baadhi ya kamera huandika idadi hiyo ndani ya faili la picha, na programu za kusoma EXIF (taarifa hizo za faili) huionyesha. Lakini namba ni makadirio. Zipo zinazofika mara mbili yake na zipo zinazokata roho nusu ya safari.

Vumbi. Piga anga au karatasi nyeupe kwa f/16, fokasi ikiwa imevurugwa makusudi. Madoa ya kijivu yanayokaa mahali palepale kila picha ni vumbi juu ya kihisi. Kwa f/1.8 huyaoni, kwa f/8 yanaanza kujitokeza, ndiyo maana mtu anayeanza kubana tundu hudhani kamera imeharibika ghafla. Betri ikiwa imejaa, toa lenzi, fungua hali ya kusafisha, ielekeze kamera chini na upulize kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Usitumie gesi ya kopo, kwani inaweza kuacha doa la kimiminika ambalo ni gumu kuliondoa kuliko vumbi lenyewe.

Nukta za rangi. Funga mfuniko wa lenzi, piga sekunde 30 kwa ISO 100. Nukta chache nyekundu, za buluu au nyeupe ni kawaida ya kihisi kilichozeeka, na huongezeka kikipata joto. Washa upunguzaji wa chenga za shata ndefu: kamera itapiga picha ya pili ya giza kwa muda uleule na kuzitoa. Zikionekana hata kwa 1/60, na kamera haina menyu ya kuzirekebisha, utakuwa unazifuta kwa mkono kila picha. Kama zimetua shavuni pa mwanasesere mweupe, utachoka haraka.

Fokasi. Laza rula mezani, kamera iitazame kwa nyuzi 45, ulenge alama ya sentimita 10 kwa f ya chini kabisa. Rudia kwa kutumia skrini badala ya dirisha la kutazamia. Skrini ikipatia na dirisha likikosa, ni vihisi vya fokasi vya DSLR vimetoka kwenye mstari. Lenga kwa skrini, shida imekwisha. DSLR nyingi zilizotoka kabla ya 2008 hazina njia hiyo ya skrini.

Betri na kadi ni habari fupi. Betri inayokufa baada ya picha 40 ni betri iliyozeeka, si kamera. Iliyovimba usiilazimishe kuingia. Kamera inayosahau tarehe kila ukitoa betri imeishiwa seli ndogo ya saa ya ndani. Inayokataa kadi huenda ni ya kabla ya SDHC (kadi za SD za nafasi kubwa) kuja mwaka 2006, na hizo kwa kawaida husoma kadi ya SD isiyozidi 2GB. Kwenye kamera zinazotumia kadi za CompactFlash, mulika tochi ndani ya tundu: pini 50 zinapaswa kusimama sawa. Moja ikiwa imelala, usisukume kadi tena.

Sababu zinazotosha kubadilisha

Shata ikifa, linganisha gharama ya fundi na bei ya mwili wa kamera kama hiyo uliotumika. Mara nyingi wa pili ni nafuu. Kamera ya mfukoni ambayo lenzi yake inatoka nusu na kukwama huku ikitoa mlio wa gia, usiihangaikie sana, isipokuwa chanzo ni chembe ya mchanga unayoiona.

Upungufu wa kuzaliwa nao una uzito kuliko uchakavu. Kamera isiyokuruhusu kuchagua f, kufunga mizani ya rangi wala kulenga kwa mkono itakupinga kila siku, hata ikiwa mpya ndani ya boksi. Na ipo sababu moja ambayo watu huidharau: skrini isiyoinuka. Macho ya mwanasesere yako sentimita 27 kutoka sakafuni. Ukipiga bustanini, bila skrini inayopinda utalala kifudifudi kwa kila picha, na baada ya wiki chache utaanza kumpiga kutoka juu bila kujua. Hiyo ni sababu halali kuliko megapikseli zote.

Kuhusu megapikseli: kuchapa A4 kwa nukta 300 kwa inchi kunahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani chini ya milioni 9. Kamera ya megapikseli 10 inatosha, mradi umeipanga picha vizuri bila kuikata nusu baadaye.

Simu je? Ikiwa juu ya tripodi na mwanga wa dirisha, inazishinda kamera nyingi za mfukoni za zamani. Zima tu ile hali ya kufifisha mandhari ya nyuma kwa programu: hukata nyuzi za nywele za nailoni na kumeza vidole vyembamba, kwa sababu inakisia ukingo uko wapi.

Ukiamua kununua

Tafuta skrini inayopinda, ukuzaji wa picha wakati wa kulenga, alama za rangi zinazoonyesha kilichoshikwa na fokasi, na uwezo wa kubonyezea kwenye simu. Kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani zinakupa yote hayo na hazina kile kishindo cha kioo kinachotikisa picha za shata ya kati ya 1/60 na sekunde 1. Utambuzi wa macho usiulipie: hushika nyuso za baadhi ya wanasesere na kuzikataa nyingine, hasa zenye macho makubwa ya katuni.

Angalia kwanza lenzi ulizonazo. Za Canon EF hufanya kazi kwenye kamera za Canon RF, zisizo na kioo, kwa adapta, na za Nikon F kwenye Nikon Z kwa adapta ya FTZ, lakini lenzi za AF-D, zinazozungushwa na mota ya kamera, hupoteza fokasi ya kujiendesha hapo. Kwa mwanasesere aliyetulia mezani si hasara kubwa.

Kamera iliyotumika ifanyie vipimo vilevile mbele ya muuzaji. Beba kadi yako, rula na karatasi nyeupe, na umwombe akuachie uipige ukuta wa nje mara 10 kwa 1/1000. Akikataa, rudi nyumbani na rula yako.