Kufunga na kutunza biti za CNC ya mezani

Wakuu, wale wenye hizi CNC ndogo za mezani (mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta), hasa mnaochonga paini ya Mufindi, biti (visu vya kuchongea) nyingi zinakatika kabla hazijachoka na ukichunguza unakuta biti haina kosa, koleti (kile kishikio chenye nyufa kinachobana biti) ndo chafu au imefungwa vibaya.

Kwanza chomoa waya ukutani. Kuzima swichi haitoshi.

Halafu fungua nati kwa spana mbili, moja inashika shafti ya spindo (mota inayozungusha biti) nyingine inazungusha nati, toa biti, koleti isukume kwa upande mpaka ichomoke kwenye nati. Hapa sasa ndo penye kazi. Paini ina utomvu, ukichanganyika na vumbi unaganda kwenye nyufa za koleti na ndani ya koni ya spindo (lile tundu inapokaa koleti), matokeo yake biti inakaa upande kidogo ambao kwa macho huoni, lakini kama ni ya meno mawili basi jino moja linabeba mzigo wote na lingine linakula hewa, ndo ile kelele unayoisikia, na biti ya milimita 1 haimalizi hata herufi moja. Chukua mswaki wa zamani na spiriti, sugua kila ufa, koni ifute kwa kitambaa safi. Oili na grisi humo ndani hapana, pawe pakavu.

Kufunga: koleti inaingia kwenye NATI kwanza, uilaze upande kidogo ukandamize mpaka isikike tak, ndo upeleke kwenye spindo. Wengi wanatumbukiza koleti kwenye spindo halafu nati inafuata, aisee hapo ukingo wa nati unakuwa haujashika mfereji wa koleti, biti inayumba na siku ya kufungua koleti inabaki humo imeng'ang'ania. Usikaze nati bila biti pia, koleti inaharibika. Saizi nayo muhimu, biti nyingi za mashine hizi zina shingo ya 3.175 mm, sasa usilazimishe kwenye koleti ya 3, nunua ya saizi yake.

Biti ingiza shingo ijaze koleti vizuri ila sehemu ya meno isiingie. Inayotokeza nje iwe fupi kadri kazi inavyoruhusu, maana ukiongeza urefu mara mbili kupinda kunaongezeka mara 8, ni hesabu tu ya chuma hiyo. Kaza kiasi, usirukie spana.

Zungusha kwa mkono uone haigusi kitu, kisha seti ziro ya Z (kimo ambacho ncha ya biti inagusa mbao) upya, kila ukibadili biti, usiamini ya zamani. Karatasi ya kawaida chini ya biti, shusha kidogo kidogo mpaka karatasi ikwame, unene wake ni kama 0.1 mm hivi.

Biti yenyewe ikianza kutoa unga badala ya machicha, au mbao inanuka kuungua, kabla hujaitupa loweka kwenye spiriti usugue, mara nyingi ni utomvu tu. Brashi ya waya usitumie, kabaidi (malighafi ya biti nyingi) ni ngumu lakini jino linamomonyoka kirahisi, kwa hiyo hata kuzirundika kwenye kopo moja zikagongana ni kuziua. Na kwa ukungu wa huku Mbeya na Njombe, koleti na biti za chuma cha kawaida zipake oili nyepesi kabla ya kuziweka kwenye boksi lenye mfuniko, ila siku ya kazi uifute yote.