Somo: Mwache mhusika wako ajitetee

Wengi tunamwanza mhusika wa hadithi kwa orodha: mpole, mkarimu, ana wivu. Mimi naomba uanze na tendo ambalo hawezi kulitaja mbele za watu. Mfano wetu ni Mwanaidi, mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, huko Tanga.

Hatua ya 1: Mbane. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, halichezewi. Lakini wanachama wawili wamemtumia michango kwenye simu, na kikao ni Jumamosi. Jumatano mwanawe anarudishwa nyumbani kwa ada. Mwanaidi anatumia shilingi 60,000 za watu.

Hatua ya 2: Andika anachojiambia. Hapa usiharakishe, ndipo mhusika anapozaliwa. Mwaka 1959 wanasaikolojia wa Marekani Leon Festinger na James Carlsmith waliwapa wanafunzi kazi ya kuchosha, kisha wakawalipa wamwambie mwenzao kwamba kazi ile inafurahisha. Baadaye, waliolipwa dola 1 ndio walioisifu kazi ile kuliko waliolipwa dola 20. Wa dola 20 alijua kwa nini amedanganya. Wa dola 1 hakuwa na kisingizio cha kutosha, akaishia kuamini uongo wake. Basi mpe Mwanaidi kisingizio chembamba: “Nimekopa, sijaiba. Mbona mwenyekiti alichelewesha rejesho na hakuulizwa?” Andika visingizio vingi, ubakize viwili anavyoviamini kweli.

Hatua ya 3: Hofu itokee mahali pengine. Jumamosi Mwanaidi anamtoza faini aliyechelewa, kwa ukali ambao hakuwahi kuwa nao. Msimulizi anyamaze. Ukiandika “alijiona ana hatia,” umemnyima msomaji raha ya kugundua mwenyewe.

Hatua ya 4: Soma mazungumzo kwa sauti. Anayeficha jambo hujibu swali lingine.

MASWALI YA WAANDISHI

Swali: Mwalimu, je, nieleze utoto wake ili aeleweke?
Jibu: Ujue wewe, kisha uandike kile tu kinachogusa uamuzi wa leo. Kama mama yake aliwahi kuitwa mwizi sokoni, sentensi moja inatosha, tena iwekwe kabla hajazigusa zile hela. Ikija baadaye itasomeka kama utetezi wa mwandishi.

Swali: Mhusika wangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, usiku anageuka mtu mwingine, muuaji. Inafaa?
Jibu: Hapana, ndugu yangu, na hili linaniuma kila ninapolisoma. Skizofrenia si kuwa watu wawili. Mgonjwa anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini kabisa kwamba anafuatiliwa, na wengi wao hawamdhuru mtu. Mwandike akijaribu kumsikiliza dada yake mezani huku sauti ile inamkatiza, na dada anadhani amepuuzwa. Ugomvi wa kweli uko hapo, huhitaji maiti.

Swali: Na mtu mbaya kabisa?
Jibu: Hatua ya 2, kwa uvumilivu zaidi. Naye ana kisingizio anachokiamini.